Maswali ya Wasomaji: Simu ya Wakala wa Mwaloni na Kompyuta ya Mfadhili

Mara hii tumekusanya barua za wasomaji wanaoongoza timu za frontendi, yaani wahandisi wanaotengeneza ile sehemu ya programu ambayo mtumiaji anaiona na kuigusa, katika kampuni za nishati safi na mazingira zilizopo Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria. Barua zimefupishwa, na majina ya watu na ya kampuni tumeyaacha kwa makusudi.

SWALI: Ndugu Mshauri, nimekabidhiwa timu ya wahandisi watano wa frontendi katika kampuni inayokodisha taa za sola kwa wavuvi wa dagaa, badala ya karabai za mafuta ya taa. Programu yetu hutumiwa na mawakala walioko mialoni, yaani kwenye fukwe mitumbwi inakotia nanga na kushusha samaki, ambao huandika nani amechukua taa, nani amerejesha na nani amelipa. Kampuni ina pia ukurasa wa takwimu kwa ajili ya wafadhili walioko Ulaya. Mkurugenzi anataka ukurasa huo uwe na ramani inayozunguka na michoro inayocheza. Wahandisi wangu wanataka tuandike upya kila kitu kwa teknolojia mpya. Na mawakala wanalalamika kwamba programu inakula bando na kuganda. Mimi mwenyewe nilipandishwa cheo kwa sababu naandika msimbo vizuri, na mpaka sasa usiku namalizia kazi ambazo wenzangu hawakuzimaliza. Nianzie wapi? (Kiongozi Mpya, Ilemela)

JIBU: Ndugu Kiongozi, mkurugenzi, wahandisi na mawakala wanavutana kwa sababu hakuna aliyeamua kwamba programu hii inatengenezwa kwa ajili ya simu ya nani. Uamuzi huo ni wako, na mengine yote, pamoja na uchaguzi wa teknolojia, yatafuata hapo. Kwa maelezo uliyotoa, mimi ningeamua bila kusita kwamba mtumiaji wa kwanza ni wakala wa mwaloni, kwa kuwa asipoandika yeye, mfadhili wa Ulaya hana takwimu ya kutazama.

Mtazame wakala huyo akiwa kazini. Ni asubuhi pale Igombe au Kayenze, mitumbwi imerudi, taa zinateremshwa pamoja na dagaa, na watu kadhaa wamemzunguka, kila mmoja akitaka ahudumiwe kwanza. Simu yake ni Android ya bei ndogo, imejaa picha na video za WhatsApp, kioo kina ufa, na jua linakipiga moja kwa moja. Vidole vyake vimelowa. Anafuta kidole gumba kwenye shati, anabonyeza "Hifadhi", na kwa kuwa kitufe hubadilika kutoka kijani kwenda kijani hafifu tu, haoni kama kimekubali. Anabonyeza tena, na mvuvi mmoja anaandikiwa kuwa amerejesha taa mbili. Ofisini jambo hilo litaitwa uzembe wa wakala, lakini kosa ni la frontendi. Kitufe kilipaswa kujifunga baada ya mguso wa kwanza, kila rejesho lilipaswa kuwa na namba yake ya pekee ili seva ikatae nakala ya pili, na jibu lilipaswa kutokea kwa maandishi makubwa yanayosomeka juani. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, WCAG, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na toleo lake la 2.2 lililotoka Oktoba 2023 linataka sehemu ya kubonyeza isiwe ndogo kuliko pikseli 24 kwa 24. Kwa mazingira ya mwaloni hicho ni kiwango cha chini mno. Mimi ningeanzia pikseli 48.

Malalamiko ya bando yana hesabu nyepesi. HTTP Archive, mradi unaopima mamilioni ya tovuti kila mwezi, unaonyesha kwamba ukurasa wa kawaida unaofunguliwa kwenye simu siku hizi unazidi megabaiti 2. Wakala akifungua ukurasa wa namna hiyo mara 20 kwa siku, na kila mara ukapakuliwa upya, anamaliza megabaiti 40 kwa siku, sawa na gigabaiti 1.2 kwa mwezi, kwa kazi ya kuandika majina na namba za taa. Ukurasa uleule ukipunguzwa hadi kilobaiti 200, matumizi yanashuka hadi megabaiti 120 kwa mwezi. Kuganda nako kuna chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho ni JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari cha simu. Picha ya kilobaiti 300 ikishafika huchorwa na kazi imekwisha. JavaScript ya uzito huohuo ikifika, simu inapaswa kuisoma, kuitafsiri na kuiendesha kabla kitufe hakijaanza kuitika, na prosesa ya simu ya bei ndogo huchukua muda mrefu zaidi kufanya hivyo kuliko prosesa ya simu ya mkurugenzi wako. Kwa hiyo kabla hamjaanza kubana picha, waagize wenzako waorodheshe maktaba zote za JavaScript, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa na wengine, zilizomo ndani ya programu na waeleze kila moja inafanya nini. Mara nyingi huonekana mbili zinazofanya kazi ileile, na nyingine ambayo aliyeiweka alishaacha kazi.

Hapa ndipo suala la mazingira linapoingia katika kazi yako kwa dhati, kuliko linavyoingia katika rangi ya kijani ya nembo. Sehemu kubwa ya hewa ukaa inayotokana na simu janja, katika maisha yake yote, hutolewa wakati wa kuitengeneza. Kuichaji kunachangia sehemu ndogo. Simu inayodumu mkononi mwa wakala kwa miaka mingi zaidi ni faida ambayo timu ya frontendi inaweza kuilinda au kuiharibu. Mwaka 2025 Google ilitangaza kwamba toleo la 138 la Chrome ndilo la mwisho kwa Android 8 na 9, maana yake kivinjari cha simu hizo hakitasonga mbele tena ilhali simu zenyewe bado zinafanya kazi. Amueni kwa maandishi kwamba mtaendelea kuzihudumia, kisha kila mhandisi anayetaka kutumia jambo jipya la kivinjari athibitishe kwanza kwamba linafanya kazi humo, au kwamba lisipofanya kazi, fomu bado inajazika. Upande wa usalama usisahaulike: kivinjari kisichopokea marekebisho kisitwishwe taarifa nyeti, kwa hiyo orodha ya madeni ya wavuvi isikae ndani ya simu zaidi ya muda unaohitajika. Kampuni inayomwokolea mvuvi lita za mafuta ya taa huku ikimlazimisha wakala kutupa simu nzima inajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Uamuzi wa namna hii hauwezi kusimama kwa ukali wa kiongozi. Ukiwa wewe ndiye askari wa kukagua uzito wa kila ukurasa, siku ukiwa likizoni uzito utarudi. Wekeni ukomo wa kilobaiti ndani ya mfumo wenyewe wa kujenga programu, ili mabadiliko yanayouvuka yakataliwe na mashine kabla hayajafika kwako, na anayetaka ukomo upandishwe aandike sababu ambayo wenzake wote wataisoma. Nunueni simu mbili au tatu zilizotumika, za aina ileile waliyo nayo mawakala, zikae mezani pa timu, na kazi yoyote isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka iwe imefunguliwa kwenye simu hizo mtandao ukiwa umepunguzwa kasi. Nimeona mhandisi mmoja akitetea mchoro wake kwa nusu saa nzima, kisha akanyamaza mwenyewe alipoutazama ukijikokota kwenye simu ya namna hiyo.

Kuhusu mtandao wa visiwani, kama Goziba au Ukara, msiufanye kuwa sharti. Vivinjari vya leo vina serviswoka, ambayo huhifadhi kurasa ndani ya simu ili zifunguke hata pasipo mtandao, na vina hifadhi ya ndani ambamo rejesho la taa linaweza kusubiri mpaka mawimbi yarudi. Ugumu wake hauko katika teknolojia. Uko katika kumfanya wakala ajue, kwa kutupia jicho mara moja, ni rekodi zipi zimefika makao makuu na zipi bado ziko mfukoni mwake. Mpeni mhandisi wenu makini kuliko wote kazi hiyo, maana hapo ndipo ugomvi wa fedha baina ya wakala na mvuvi huanzia.

Sasa wahandisi wako wanaotaka kuandika upya kila kitu. Wakatalie, lakini wape kipande. Ukurasa wa kupokea malipo waufanye upya kwa namna wanayoamini, ndani ya ukomo uleule wa kilobaiti, kisha mpime muda wa kufunguka na idadi ya makosa kabla na baada. Kipimo kikiwaunga mkono, wataendelea na ukurasa wa pili. Kisipowaunga mkono, mjadala umekwisha bila mtu kudharauliwa. React, maktaba ya JavaScript ambayo pengine ndiyo mnayotumia, imekuwa wazi kwa umma tangu 2013, na uzee wake peke yake hauifanyi programu yenu kuwa nzito.

Mkurugenzi naye asinyimwe ukurasa wake. Utenganisheni kabisa na programu ya mawakala, usishiriki nayo hata maktaba moja isiyo ya lazima. Takwimu za wafadhili hubadilika mara moja kwa siku, kwa hiyo ukurasa unaweza kutengenezwa mara moja kila usiku kwa ajili ya wageni wote na kutolewa kama ulivyo, bila seva kuulizwa upya na kila mgeni. Ramani inayozunguka ibadilishwe kuwa picha ya ziwa na mialo yake, na anayetaka kuizungusha abonyeze ndipo ipakuliwe. Wengi hawatabonyeza, na hilo nalo ni jibu la kumpelekea mkurugenzi.

Lipo jambo moja ambalo timu za Nairobi au London haziwezi kukufundisha. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa sababu mwanga wa taa ndio unaowavuta dagaa. Mbalamwezi ikikolea taa hupoteza nguvu, na wengi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakitengeneza nyavu. Ratiba ya matoleo yenu ifuate mwezi. Msiachie toleo jipya katikati ya giza, wakati kila wakala ana foleni ya taa. Liachieni mbalamwezi inapoanza, kisha wapelekeni wahandisi wawili mwaloni wakakae na mawakala ambao kwa wakati huo wana nafasi ya kuzungumza. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo vipindi viwili vya kazi vya wiki mbili mbili vinaingia ndani yake, na siku moja na ushei inayobaki itumieni kufuta msimbo usiotumika.

Mwisho ni hizo kazi za usiku. Ziache. Kila unapomalizia kazi ya mwenzako gizani, unamficha asijue kwamba alikwama, na unajificha wewe usijue alikwama wapi. Asubuhi kaa naye, mfungue msimbo pamoja, yeye ndiye ashike kibodi. Si lazima uache kuandika msimbo kabisa, lakini chukua kazi ambazo wewe ukiitwa kikaoni hakuna anayesubiri: majaribio ya kujiendesha, hitilafu ndogo, ule ukaguzi wa kilobaiti. Mapitio ya msimbo wa wenzako, kinyume chake, yasilale mezani kwako hata siku moja.

SWALI: Mbunifu wetu anasema tukiigeuza programu nzima kuwa na mandhari nyeusi tutaokoa betri za mawakala, na kwamba kampuni ya mazingira inapaswa kuonyesha mfano. Wahandisi wamegawanyika. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Nyegezi)

JIBU: Inategemea kioo. Katika vioo vya LCD, ambavyo ndivyo vilivyomo katika simu nyingi za bei ndogo, taa ya nyuma huwaka hata pale ukurasa unapokuwa mweusi, kwa hiyo rangi nyeusi haiokoi kitu cha maana. Katika vioo vya OLED kila nukta hujiwakia yenyewe, na nyeusi ni nukta iliyozimwa. Hata huko, utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuhamia mandhari nyeusi huokoa umeme wa asilimia 39 hadi 47 mwangaza ukiwa umefunguliwa wote, lakini asilimia 3 hadi 9 tu mwangaza ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, ambacho ndicho kiwango cha watu wengi wakiwa ndani ya nyumba.

Mawakala wako wako juani, na maandishi meupe juu ya nyeusi husomeka kwa taabu juani. Mtu ataongeza mwangaza hadi mwisho, na betri itakwisha upesi zaidi. Acheni programu ifuate mpangilio aliouchagua mwenye simu, halafu mbunifu huyo mwenye moyo mzuri apewe kazi ya kutafuta betri inakokwenda kweli. Aanze na programu inayouliza simu iko wapi kila baada ya dakika chache wakati taa hazijahama.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Kampuni yetu inasambaza majiko banifu Sengerema na Magu, na inashiriki biashara ya kaboni, yaani kuuza krediti za hewa ukaa iliyozuiwa. Mkurugenzi ameagiza ukurasa wa mbele uwe na kihesabio kinachopanda kila sekunde kuonyesha kilo za hewa ukaa tulizozuia. Mhandisi niliyempa kazi hiyo amenieleza kwamba hakuna kipimo chochote nyuma yake. Ni idadi ya majiko yaliyouzwa ikizidishwa kwa namba moja, kisha ikagawanywa kwa sekunde za mwaka. Ameomba kazi hiyo apewe mwingine. Tumeagizwa pia kuweka nembo ya kusema tovuti yetu ni ya kijani. Nimtetee mhandisi au nitii agizo? (Dada wa Buhongwa)

JIBU: Marahaba, dada. Mtetee, na usimpe mwingine kazi hiyo, kwa sababu kubadilisha mikono hakubadilishi namba.

Tatizo la namba hiyo mhandisi wako amelieleza vizuri, ila liko ndani zaidi. Jiko lililouzwa si jiko linalotumika, na jiko linalotumika halimaanishi kwamba mafiga yameachwa. Kaya nyingi hupika maharage kwa kuni na chai kwa jiko jipya, kama ambavyo mvuvi anaweza kuwa na taa ya sola na bado akapakia karabai ya akiba. Hesabu inayodhani kwamba kila jiko jipya limefuta kuni zote huvimba sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Sustainability ulikadiria kwamba miradi ya majiko iliyochunguzwa ilikuwa imedai krediti zinazozidi uhalisia kwa takriban mara tisa. Tangu hapo wanunuzi wa krediti wamekuwa wakali, na wana haki ya kuwa hivyo. Hapa nchini biashara hii ina kanuni zake za mwaka 2022, na kipo kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Namba iliyo kwenye ukurasa wa mbele ni dai la kampuni, na mtu yeyote anaweza kuilinganisha na nyaraka za mradi.

Frontendi ndiko hesabu ya kitaalamu inakogeuzwa kuwa picha, na ndiyo maana jambo hili limekufikia wewe kabla ya kumfikia mwanasheria. Nyaraka za mradi zinaweza kusema kwa uangalifu kwamba ni makadirio ya mwaka mzima, yenye kiwango cha chini na cha juu. Kihesabio kinachocheza kila sekunde kinamwambia mtazamaji kwamba kuna mtambo mahali fulani unaopima moshi sasa hivi. Hakuna aliyeandika uongo, na bado msomaji ameondoka na uongo.

Usiende kwa mkurugenzi na kukataa kitupu. Nenda na kurasa mbili zilizokwisha kutengenezwa. Moja iwe na kihesabio alichokiagiza. Nyingine iwe na idadi ya majiko yaliyofikishwa, idadi ya kaya zilizotembelewa baadaye zikakutwa bado zinalitumia, na chini yake makadirio ya hewa ukaa, neno "makadirio" likiwa kwa maandishi ya ukubwa uleule na namba, pamoja na tarehe ya mwisho ya kuhakikiwa na mahali pa kubonyeza ili kuona hesabu ilivyofanywa. Kisha muulize nani atajibu mnunuzi akiuliza ni nini kilichotokea kati ya sekunde hii na iliyotangulia. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, kwa mujibu wa mkakati wake wa 2024 hadi 2034, kwa hiyo kampuni kama yenu itatazamwa kwa karibu miaka mingi ijayo, na ukurasa wa pili ndio utakaodumu. Akisisitiza ule wa kwanza, andika pingamizi lako kwa barua pepe fupi yenye heshima, ulihifadhi, na jina la mhandisi lisiwemo.

Nembo ya "tovuti ya kijani" ningeiacha. Kazi nzuri ipo: kikundi cha W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kilitoa rasimu ya miongozo ya uendelevu wa tovuti Septemba 2023, kiwango cha kukokotoa kaboni ya programu kimekuwa cha kimataifa kwa namba ISO/IEC 21031:2024, na Green Web Foundation wana zana ya bure iitwayo CO2.js inayokadiria gramu za hewa ukaa kwa kila ukurasa unaofunguliwa. Lakini gramu hizo ni makadirio yanayobadilika kulingana na kanuni ya hesabu iliyochaguliwa, na ukurasa mmoja unaweza kupata majibu mawili yanayotofautiana sana. Zitumieni kujilinganisha wenyewe, ukurasa wa mwezi huu na wa mwezi uliopita kwa kanuni ileile.

SWALI: Idara ya masoko inataka tuweke vifuatiliaji vinne vya kampuni za matangazo katika tovuti yetu ili tujue wateja wanatoka wapi. Nimewaambia vitaongeza uzito, wakasema huo ni wivu wa wahandisi. (Msomaji, Musoma)

JIBU: Waulize kila kifuatiliaji kitajibu swali gani, na nani alitumia jibu la namna hiyo kufanya uamuzi mara ya mwisho. Ukiacha uzito, ambao ni wa kweli, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inagusa moja kwa moja usafirishaji wa taarifa za watu kwenda nje ya nchi. Wakipata kifuatiliaji kimoja kinachojitetea, kiwekeni hicho, kipakuliwe baada ya ukurasa kuwa tayari na baada ya mgeni kuridhia.

SWALI: Vijana watatu niliowalea tangu wakiwa field wameondoka mmoja baada ya mwingine, wakaajiriwa na kampuni za nje zinazolipa kwa dola huku wakiendelea kuishi hapahapa Mwanza. Mshahara wetu hauwezi kushindana. Je, niendelee kufundisha vijana au nitafute watu wazima wenye familia? (Bosi Aliyechoka, Capri Point)

JIBU: Ndugu yangu, mwenye familia naye analipa ada kwa shilingi zilezile, na dola zitamfikia. Panga timu yako ukijua kwamba mhandisi mzuri wa frontendi atakaa nawe miaka michache, kisha uhakikishe kuondoka kwake hakubomoi kitu. Kila sehemu ya programu ijulikane na watu wawili. Kila uamuzi mkubwa uandikwe kwa aya moja au mbili palepale kwenye hazina ya msimbo: tuliamua nini, tulikataa nini, kwa sababu gani. Mgeni akifika, wiki ya kwanza aende mwaloni au vijijini akamwone mtu anayetumia programu, kabla hajagusa mstari wowote. Anayemfahamu wakala kwa sura hutengeneza fomu fupi bila kuambiwa.

Yapo mambo machache ambayo dola peke yake haileti, nawe unaweza kuyatoa: ngazi ya mshahara iliyoandikwa ikaonekana na kila mtu, ruhusa ya kufanya kazi nyumbani na kampuni ikalipia intaneti na betri ya akiba umeme unapokatika, jina la mhandisi kutajwa mbele ya bodi kwa kazi aliyoifanya, na mamlaka ya kweli ya kusema ukurasa huu haupiti. Hili la mwisho wengi hulikosa katika kampuni kubwa za mbali, ambako hupewa vipande vya kazi bila kumjua anayevitumia. Walioondoka usiwanunie. Waalike mara moja moja wapitie msimbo wa wadogo zao kwa malipo. Wengine hurudi mikataba ya mbali inapokatika.

Katika usaili, achana na mafumbo ya ubaoni. Mpe mwombaji ukurasa wenu mmoja wa zamani, simu ya mwaloni na kebo yake, umlipe kwa saa mbili, umwombe aufanye uwe mwepesi. Wako watakaoanza kwa kuandika upya. Wako watakaoanza kwa kuuliza ukurasa huu unafunguliwa na nani, mara ngapi kwa siku, na ni sehemu gani yake ambayo hakuna anayeisoma. Ukimpata wa aina hiyo, hata kama hajui maktaba mnayotumia, mwajiri wiki hiyohiyo kabla hajapigiwa simu na mwingine.